Mrija wa nyongo umeziba na si saratani: lazima tuuze kihamba twende India kwa roboti?

#1 MwanaKibosho (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tujadili hili kwa utulivu, maana Jumamosi tuna kikao cha ukoo na nataka niingie na hoja.

Dada yangu alitolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Shida ilikuwa mawe. Alitoka salama, akarudi nyumbani anatembea mwenyewe. Wiki kadhaa baadaye akaanza kujikuna usiku mpaka ngozi inachubuka. Mkojo ukawa mweusi wa chai ya rangi, choo kikapauka, macho yakawa manjano. Kituo cha kwanza walisema ni homa ya ini, wakampa vidonge. Utrasaundi ndiyo ikaonyesha mirija ya nyongo ndani ya ini imetanuka, yaani huko chini kuna kitu kimezuia. Sasa yuko Moshi mjini kwa rufaa. Madaktari wanasema mpaka sasa hawaoni dalili ya saratani, ila mrija umebana.

Baba mdogo aliyeko Dar ameleta jina la hospitali ya India inayofanya kwa roboti. Anasema ndiyo salama kuliko zote. Ukijumlisha matibabu, nauli na kukaa kule, hela haipatikani bila kuuza kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo. Mama hataki hata kusikia, marehemu baba kalala palepale. Baba mdogo naye anasema ardhi ina faida gani mtu akiwa amekufa. Siwezi kumlaumu hata mmoja.

Ninachouliza: kwa tatizo hili ambalo si saratani, roboti inafanya nini ambacho mkono wa bingwa hauwezi? Kuna aliyepitia?

#2 MzeeWaMajengo

Pole sana mwanangu. Kihamba kisiguswe kabla ugonjwa haujajulikana jina. Niko hapa nafuatilia.

#3 KahawaYaAsubuhi

Mkuu, roboti ni biashara tu. Mashine ile bei yake ni dola milioni moja na kitu mpaka milioni mbili na zaidi, bado matengenezo ya kila mwaka. Ukishainunua lazima uitafutie wagonjwa. Mzungu akikuuzia nyundo, kesho atakwambia una misumari. Dada yako ashonwe hapahapa, mambo yaishe.

#4 KijanaWaChuo

#3 unakosea kuidharau. Roboti inafanya kazi yenyewe, haichoki wala mkono hautetemeki. Mwaka 2003 daktari akiwa New York alimtoa mgonjwa aliyeko Ufaransa mfuko wa nyongo, bahari ikiwa katikati. Na ilikuwa nyongo hiyohiyo tunayoizungumzia. Dunia imeshafika huko, sisi bado tunabishania kihamba.

#5 FundiVifaa

Kijana, taratibu. Ilikuwa Septemba 7, 2001. Daktari ni Jacques Marescaux, mgonjwa alikuwa mama wa miaka 68 kule Strasbourg, na mashine ilikuwa ZEUS, si hii roboti ya da Vinci inayotajwa siku hizi. Tena waliunganishwa kwa waya maalumu wa mawasiliano wenye kasi iliyodhibitiwa, na kando ya yule mama walisimama madaktari kamili, tayari kuingilia mawasiliano yakikatika.

Halafu hiyo "inafanya kazi yenyewe" iondoeni kabisa. Nafanya kazi ya kutengeneza vifaa vya hospitali. Da Vinci haikati wala haishoni chochote bila mtu. Daktari anakaa kwenye kiti pembeni, macho kwenye kioo kinachoonyesha picha yenye kina na iliyokuzwa mpaka mara kumi, vidole kwenye vishikio, miguu kwenye pedali. Anachofanya mkononi ndicho mikono ya mashine inachofanya ndani ya tumbo, kwa mwendo mdogo zaidi, na mtetemo unachujwa. Faida kubwa ni ncha za vyombo: zinakunjika na kuzunguka kuliko hata kifundo cha mkono wa binadamu. Vile vyombo virefu vya matundu madogo vya kawaida vimenyooka, kushonea navyo chini ya ini ni kazi ngumu kwelikweli.

Hasara yake: matoleo yaliyoenea hayampi daktari hisia ya mguso. Anajua amekaza uzi kwa kuutazama. Toleo lililoruhusiwa Marekani 2024 ndilo limeanza kurudisha hisia hiyo. Na kila chombo kina kihesabio ndani. Matumizi yaliyopangwa yakiisha, mashine inakikataa hata kama bado ni kikali. Hapo ndipo bei inapopanda, #3 hajakosea sana.

#6 MzeeWaMajengo

Fundi leo umetufungia darasa. Kijana, mwaka umesahihishwa, bahari imebaki palepale 😀

#7 Daktari_wa_Zamu

Mleta mada, pole kwa mgonjwa. Nadhani mmeanzia mwisho. Mnajadili chombo kabla ya kujua ni kitu gani kimeziba, na wapi.

Baada ya kutolewa mfuko wa nyongo, mrija ukiziba yapo mawili ninayoyafikiria kwanza. Moja, kuna jiwe lililoteleza likabaki kwenye mrija mkuu. Hilo ndilo jepesi, na huwa halihitaji kupasua. Pili, mrija mkuu uliumizwa wakati wa upasuaji: umebanwa na klipu, umekatwa, au umeunguzwa na kisu cha umeme ukapona kwa kovu. Moto wa kile kisu unaweza kuharibu mishipa midogo ya damu inayoulisha mrija, mgonjwa akatoka mzima, kovu likaja kukaza baadaye. Hadithi ya dada yako, ya kutoka vizuri na kuanza manjano wiki kadhaa mbele, inaelekea huko. Ila siwezi kuapa kwa kusoma maandishi.

Swali langu ni moja: amepigwa MRCP? Ni picha ya MRI inayochora mirija yote ya nyongo bila kuingiza chombo mwilini. Bila hiyo ramani, anayewaambia "roboti" na anayewaambia "ashonwe hapahapa" wote wanabahatisha.

#8 ShangaziWaMarangu

Mnasahau minyoo. Mimi jirani yangu macho yalikuwa manjano kama ndizi mbivu, kila mtu anasema ini, kumbe ni mnyoo mkubwa umepanda kwenye mrija. Alipewa dawa akapona. Mpeni dawa ya minyoo kwanza, haina gharama.

#9 KahawaYaAsubuhi

Shangazi, shikamoo. Sasa mnyoo unafikaje kwenye ini?

#10 Daktari_wa_Zamu

Jibu kwa #9: Shangazi hajatunga. Askaris, ule mnyoo mviringo unaofika hata sentimita 30, hukaa kwenye utumbo mwembamba, na mlango wa mrija wa nyongo unafungukia hapohapo. Kwenye maeneo yenye minyoo mingi hutokea. Utrasaundi mara nyingi humwonyesha kama mstari mrefu, wakati mwingine anacheza. Kwa mgonjwa huyu haumo kwenye orodha yangu ya juu, maana utrasaundi imeshapigwa. Lakini dawa haitamdhuru kama daktari wake atakubali.

Orodha ya vizuizi visivyo saratani ni ndefu. Kuna kongosho lililovimba muda mrefu, maana mrija wa nyongo hupita ndani ya kichwa chake. Kuna jiwe lililokwama kwenye shingo ya mfuko likaukandamiza mrija kutoka nje, wenyewe huuita Mirizzi. Wengine wamezaliwa na mrija uliovimba kama kifuko. Wenye VVU ambao kinga imeshuka sana nao hupata makovu kwenye mirija. Kila kimoja kina tiba yake.

#11 Lemburis

Hapo kwenye kongosho semeni ukweli, ni pombe. Ndugu zetu wa Kilimanjaro na mbege.

#12 ShangaziWaMarangu

Lemburis, mbege iache! Babu yangu kaipiga mpaka uzee wake na kongosho lake zima. Hizo pombe kali za vifuko ndizo zilizoua vijana. Na huyo dada wa mleta mada nani kasema anakunywa?

#13 MwanaKibosho

Hanywi, ni mlokole. Tafadhali tusitoke nje ya mada.

Daktari, MRCP bado, amepangiwa. Asante.

#14 NesiMstaafu

Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, mambo ya mashine nawaachia wenyewe. Ninayoyaona ya haraka ni haya, mwanangu.

Dada yako akipata homa na kutetemeka kwa baridi huku manjano yapo, msisubiri asubuhi wala kikao. Nyongo iliyosimama ikiingiwa na vijidudu inaua haraka. Apelekwe usiku uleule, aanzishiwe dawa za kwenye mshipa.

La pili, muulize daktari kuhusu vitamini K. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mwili haufyonzi mafuta, na vitamini A, D, E na K husafiri na mafuta. K ikipungua damu haigandi. Nimeona mgonjwa anaingizwa kupasuliwa, kipimo cha kuganda damu hakikuangaliwa, ikawa kazi. Sindano yake ni rahisi.

Na kuhusu kujikuna, kata kucha zake, aoge maji ya baridi, zipo na dawa za kupunguza. Usiku ndiyo unatesa zaidi. Watu wanauona mwasho kama jambo dogo. Nimeona watu wazima wanalia kwa kujikuna kuliko kwa kidonda.

#15 MamaJunia

Nesi umesema kweli kabisa, Mungu akubariki.

Mwanangu ana sikoseli. Watoto hawa chembe za damu zinavunjika kila siku, mawe ya nyongo wanayapata wakiwa wadogo. Yeye macho huwa manjano kidogo wakati wote, kwa hiyo siku mrija ulipoziba hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi. Nilijua kwa mkojo na kwa choo. Nilibishana sana na watu kabla hajapigwa utrasaundi.

Jiwe lilikuwa chini kwenye mrija. Tulipelekwa Dar akafanyiwa ERCP. Kamera inaingia mdomoni, inapita tumbo, inafika kwenye ule mlango wa mrija, wanaingiza dawa ya rangi na kupiga eksirei, wanapanua mlango na kuvuta jiwe. Hakupasuliwa popote. Mfuko wenyewe ukaja kutolewa baadaye. Kwa nini dada yake mleta mada asifanyiwe hivyo? Mbona hakuna anayeitaja?

#16 KijanaWaChuo

Naunga mkono #15. ERCP wanaweka stenti, kijibomba kinachoshikilia mrija usijibane. Plastiki au chuma. Hapo hakuna roboti wala kihamba.

#17 Daktari_wa_Zamu

Mama Junia, hongera kwa kusimama imara. Kwa jiwe, ERCP ndiyo njia kuu, na kwa makovu mengi pia ndiyo ya kuanzia. Ila ina masharti yake.

Ya kwanza, lazima kuwe na upenyo, hata mdogo kiasi gani, waya uweze kupita kwenda juu. Mrija ukiwa umekatwa kabisa au klipu imeufunga wote, dawa ya rangi inagota, haina pa kwenda. Hapo huwezi kutoka chini. Ya pili, kovu haliponi kwa stenti ya siku moja. Zile za plastiki hubadilishwa karibu kila miezi mitatu, zikiongezwa idadi, kwa takriban mwaka mzima. Za chuma zilizofunikwa hukaa miezi kadhaa kisha hutolewa. Mgonjwa akipotea, stenti inaziba na anarudi na ile homa aliyoisema Nesi. Ya tatu, ERCP yenyewe inaweza kuamsha uvimbe wa kongosho. Hupunguzwa kwa dawa ya maumivu inayowekwa njia ya haja kubwa, bei ndogo sana, na bado kuna mahali inasahaulika. Ulizeni.

Kwa hiyo anayeishi mbali na kituo cha ERCP ajumlishe nauli zote za mwaka huo kabla ya kusema ni rahisi.

#18 BabaNeema_Sakina

Nilikuwa nasoma tu, ngoja nichangie.

Shemeji yangu alifanyiwa India kwa roboti. Yeye alizaliwa na ule mrija uliovimba, aligundulika ukubwani. Walitoa kile kifuko chote, wakapandisha kipande cha utumbo mwembamba wakakishona kwenye mrija unaotoka kwenye ini. Alikuwa na vidonda vidogo tumboni, maumivu kidogo, siku chache akawa anatembea bustanini. Nilikuwepo, nilimsindikiza. Daktari alituonyesha kwenye skrini jinsi mirija inavyong'aa kijani kwa dawa waliyomchoma kwenye mshipa, ili wasikate kisichokatwa. Siwezi kusikia mtu anasema ni biashara tu nikanyamaza.

Ila niwaambie na la pili. Hakuna aliyetueleza vizuri habari za kurudi nyumbani. Alipopata homa mwaka uliofuata, kila hospitali aliyofika wanamuuliza "huko walikushona wapi hasa?" na karatasi zilikuwa na kurasa mbili tu. Mkienda, ombeni ripoti kamili ya upasuaji na picha zote kwenye diski. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkate mapema, msije mkadaiwa njiani. Viza ya matibabu inaruhusu wasindikizaji wawili.

#19 MzeeWaMajengo

Yaani mtu ana manjano, halafu anadaiwa kadi ya homa ya manjano. Uwanja wa ndege hapo maelezo yatakuwa marefu.

#20 Lemburis

Tukiacha utani. Mama yangu alifanyiwa huohuo mshono wa utumbo na mrija, hapahapa kanda ya kaskazini, kwa kufunguliwa tumbo. Kovu lake ni refu, limepita chini ya mbavu, na baadaye ngiri ikatokea palepale kwenye kovu. Lakini manjano hayakurudi. Anachunga mbuzi wake Monduli na anatutuma sisi watoto kama kawaida. Hakuna aliyetuambia habari za roboti.

Mleta mada, bingwa akiwa na mkono mzuri, kovu refu mtu anaishi nalo.

#21 KahawaYaAsubuhi

Asante Lemburis. Ndicho nilichosema #3. Na kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2023, wagonjwa zaidi ya milioni moja wa bima ya wazee, waliotolewa mfuko wa nyongo. Waliofanyiwa kwa roboti, walioumizwa mrija kiasi cha kuhitaji kutengenezwa walikuwa asilimia 0.7, na wa matundu madogo ya kawaida asilimia 0.2. Roboti imeumiza zaidi! Sasa mnataka kumpeleka mtu aliyeumizwa mrija kwa mashine inayoumiza mirija?

#22 Daktari_wa_Zamu

Tarakimu zako ni sahihi, #21, lakini umezipeleka kwenye mlango usio wake. Utafiti ule ulihusu kutoa mfuko wa nyongo, kazi ambayo kwa matundu madogo tayari ilikuwa imekomaa, na roboti ikaingia na watu bado wanajifunza. Haukuhusu kukarabati mrija ulioziba. Kwenye ukarabati, kushona mrija wa milimita chache chini kabisa ya ini, zile ncha zinazokunjika alizoeleza Fundi zina maana zaidi.

Na upande wa pili niwe mkweli vilevile: ushahidi wa roboti kwenye ukarabati huu ni ripoti za vituo vya mabingwa, wagonjwa wachache wachache, waliochaguliwa. Zinaonyesha kwamba inawezekana, damu inapotea kidogo, siku za hospitali zinapungua. Hazijaonyesha kwamba mshono wenyewe unadumu kuliko wa mkono. Huu ugonjwa hupimwa kwa miaka, si kwa siku za wodini. Kovu linaweza kurudi kwenye mshono hata mwaka wa tano au wa kumi.

#23 FundiVifaa

Niongeze la dawa ya kijani ya #18. Ile si mali ya roboti peke yake. Zipo kamera za matundu madogo ya kawaida zenye mwanga huohuo. Hospitali inaweza kupata faida hiyo bila kununua mashine nzima. Na huu mshono wa utumbo wenye umbo la herufi Y ni wa kale, una jina la César Roux wa Lausanne, Uswisi, tangu karne ya 19. Roboti imebadilisha mkono unaoshika sindano, ramani ni ileile.

#24 KijanaWaChuo

Fundi, kwa Afrika roboti iko wapi? Nasikia Rwanda.

#25 FundiVifaa

Kigali kuna kituo cha mafunzo cha IRCAD Africa, kilifunguliwa 2023, tawi la taasisi ya Strasbourg iliyoanzishwa 1994 na yuleyule Marescaux wa #5. Kazi yake kubwa ni kufundisha madaktari upasuaji wa matundu madogo. Afrika Kusini na Misri roboti zinafanya kazi hospitalini. Siku hizi kuna mashine za bei nafuu kuliko da Vinci, Wahindi wana yao inaitwa SSI Mantra, Waingereza wana Versius. Bei itashuka, nina imani hiyo. Kinachonipa hofu ni umeme, vipuri na mafundi. Mashine ya mabilioni ikikosa kipuri kimoja, inafunikwa shuka.

#26 ShangaziWaMarangu

Hapo kwenye kufunikwa shuka umenigusa. Nimeziona kwa macho yangu.

Mimi bado nasema mumpe na mtori. Mgonjwa asiyekula hashonwi na roboti wala na mkono.

#27 NesiMstaafu

Shangazi, mtori ndiyo, ila siyo ule wa mafuta yanayoelea. Nyongo haifiki utumboni, mafuta yatamharisha. Ndizi, supu iliyoenguliwa mafuta, samaki, maharage akiyaweza. Hata parachichi liwe kidogo tu.

#28 ShangaziWaMarangu

Parachichi ni tunda, sio mafuta.

#29 NesiMstaafu

Shangazi, parachichi lina mafuta mengi.

#30 MamaJunia

Junia alikatazwa parachichi, sisi tunalo uani linaanguka tu. Tuliwapa majirani msimu mzima.

#31 MwanaKibosho

Nimerudi, wakuu. Asanteni wote, nasoma kila bandiko na mengine namsomea mama.

Mambo yamesogea. Usiku wa juzi alipata homa na kutetemeka. Kwa sababu ya #14 hatukusubiri. Ameanzishiwa dawa, na wamempitishia bomba kwenye ubavu wa kulia mpaka ndani ya ini, nyongo inatoka kwenye mfuko wa nje. Kujikuna kumepungua, jana amelala usingizi. MRCP imepigwa, ripoti inasema mrija mkuu "unakatika ghafla" na juu yake umetanuka. Hawajaona jiwe. Hawajaona uvimbe.

Sasa madaktari wenyewe hawajaafikiana. Mmoja anasema ajaribiwe ERCP, labda waya utapita. Mwingine anasema asisumbuliwe, ajengwe mwili kwanza, ashonewe utumbo moja kwa moja. Baba mdogo ameposti kwenye kundi la familia video ya roboti inamenya zabibu.

#32 KahawaYaAsubuhi

Pole mkuu, na hongera kwa kuwahi. Yule wa pili yuko sawa. Unakatika ghafla maana yake klipu. Waya hautapita.

#33 KijanaWaChuo

Si lazima. MRCP kwenye kovu lililobana sana inaweza kuonyesha kama umekatika wote wakati kuna upenyo mdogo. Ajaribiwe ERCP. Ikishindikana ndiyo wapasue.

#34 Daktari_wa_Zamu

Wote wawili mnaweza kuwa sahihi, ndiyo maana hata wale wanaomhudumia hawajaafikiana. Sasa hivi bomba la ubavuni limewapa nafasi, na kupitia bomba hilo wanaweza kuingiza dawa ya rangi kutoka juu, wakaona mwisho wa mrija uko wapi na kama kuna tone linalopita. Hiyo itamaliza ubishi wa #32 na #33 kuliko sisi.

Kuhusu muda: ukarabati hufanywa mapema kabisa, siku tatu za mwanzo kama jeraha limegundulika palepale, au husubiriwa wiki sita na zaidi mpaka maambukizi na uvimbe vitulie. Kushona kwenye tishu yenye usaha ni kutengeneza kovu jingine. Kwa hiyo haraka ya kupanda ndege wiki hii haipo, iwe mnaenda kwa roboti au kwa mkono. Kikao kipange kwa hesabu hiyo.

#35 NesiMstaafu

Na bomba hilo lishikwe vizuri. Pima kila siku limetoa kiasi gani, andika kwenye daftari. Likitoa nyingi anapoteza maji na chumvi, anywe maji ya chumvi na sukari ya hospitali. Likikauka ghafla au damu ikatokea, rudini.

#36 BabaNeema_Sakina

Daktari, sasa nikuulize kama ni wewe. Kama ni dada yako, pesa ipo, umpeleke kwa roboti au hapana?

#37 Daktari_wa_Zamu

Ningemtafuta mtu kwanza. Daktari wa upasuaji wa ini na mirija ya nyongo ambaye kazi hii anaifanya kila mara, na nyuma yake kuna mtu wa ERCP, mtu wa mionzi na wodi ya wagonjwa mahututi. Nikimpata, chombo atachagua yeye. Wapo wanaofanya kwa roboti vizuri, na wapo wanaofungua tumbo vizuri. Mgonjwa aliyekwishapasuliwa na kuwa na maambukizi, ndani huwa kumeshikana, na hata aliyeanza na roboti anaweza kulazimika kufungua. Ila ukarabati wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa ya kufaulu. Ukiharibika, wa pili unashonwa juu zaidi, kwenye mirija midogo zaidi.

#38 BabaNeema_Sakina

Kwa hiyo nami nikisema nilimpeleka shemeji kwa mtu, sio kwa mashine, tunakubaliana. Lakini huyo mtu alikuwa India.

#39 Lemburis

Na wangu alikuwa hapa.

#40 MzeeWaMajengo

Mleta mada, kabla ya kihamba kuna mchango. Fungua kundi, weka namba ya mweka hazina mmoja anayeaminika, vikoba vya mama viulizwe, kanisa liulizwe. Na muulizeni daktari makadirio ya bei ya hapa nchini kwa maandishi, bima inalipa nini na hailipi nini. Kikao kisichokuwa na karatasi mbili za bei kitakuwa cha kelele. Baba mdogo naye asibezwe, ndiye aliyeanza kuhangaika.

#41 ShangaziWaMarangu

Sahihi Mzee. Mimi niandikeni wa kwanza.

#42 MwanaKibosho

Asanteni sana. Nimeomba bei zote mbili kwa maandishi. Kundi nitalifungua kesho.

#43 Daktari_wa_Zamu

Kabla ya kikao, jambo moja. Ripoti ya MRCP inasema mrija unakatika umbali gani kutoka pale matawi ya kulia na kushoto yanapokutana? Zaidi ya sentimita mbili, chini ya hapo, au kwenye makutano yenyewe? Na hayo makutano bado yameungana? Ugumu wa kazi yote uko hapo, na kila daktari mtakayempigia, wa Moshi, wa Dar au wa India, atauliza hilo kwanza.

#44 MwanaKibosho

Nimeisoma tena yote. Imeandikwa "unakatika ghafla" tu, kipimo hakuna. Asubuhi naenda idara ya mionzi na diski mkononi.